Nyota Haina Ukuta

Mlimani, 11 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Blanketi limefika. Dereva wa lori la maji alilibeba mbele, kwenye kiti, kama abiria, kisha akanidai nauli yake kwa utani. Bado lina ile harufu ya sabuni ya kiwanda chenu cha kufulia, na siku ya kwanza kujifunika nalo nilidhani nimo chumbani kwako na kwamba karibu utaniamsha nikachote maji. Baridi ya huku haina adabu. Ukiacha ndoo nje, asubuhi unaikuta imefanya ngozi ya barafu juu. Kikohozi kimepona. Mkuu wetu tunamwita Mzee wa Kioo, kwa sababu hakuna mwingine anayeruhusiwa kugusa kioo kikubwa cha darubini. Amenipokea vizuri, ila maneno yake ni ya kuhesabu.

Umesema majirani wanakuuliza nafanya kazi gani, nawe umechoka kuwaambia "anatazama nyota." Waambie hivi: anatazama nyota moja tu. Huwezi kuiona kwa macho matupu. Inavimba na kunywea, inavimba na kunywea, kama kifua cha mtu aliyelala, karibu mara mbili kwa siku. Mwanga wake tunaupitisha kwenye chombo kinachoutandaza uwe ukanda wa rangi, kama upinde wa mvua uliolazwa mezani. Katika ukanda huo kuna mistari myeusi myembamba, kila gesi na mistari yake. Mimi nimepewa mstari mmoja wa kuulinda, wa gesi ya hidrojeni, kwenye rangi nyekundu.

Siku zote mstari huo ni mweusi. Lakini nyota inapokuwa imefifia kabisa, halafu ikaanza kuvimba upya, kuna dakika chache mstari uleule unawaka. Mara ya kwanza kuuona ukiwaka niliogopa, Shangazi, sikufichi. Nilijua kuna kishindo kikubwa kimetokea kule, na humu ndani hakuna sauti yoyote, hata ya mbu. Mzee wa Kioo aliandika, akapiga miayo, akaomba chai.

Jambo jingine. Mdogo wangu ameniandikia kwamba lile bomba la mvuke linalopita juu ya meza zao za kupigia pasi huko kiwandani limeanza kugonga asubuhi, mpaka vikombe vinacheza. Wewe hukuandika lolote. Kuna nini?

Mwanao,
Popo


Nyumbani, 4 Machi

Popo mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima. Mguu wangu ndio ule ule, unajua mvua inakuja kabla redio haijatangaza. Mshona viatu wa jirani ameoa tena, na safari hii amepata anayemzidi sauti, basi mtaa mzima tunalala vizuri kwa sababu sasa yeye ndiye anayenyamaza. Mdogo wako anakula kama anayelipwa kwa kula. Jina lako la Popo limeenea hadi kiwandani. Wanasema, "Huyu mama mpwa wake analala mchana na kuamka jua likizama, na analipwa mshahara." Nawajibu ndiyo, na anatumia blanketi letu.

Mdogo wako ana mdomo. Sikukuandikia habari ya bomba kwa sababu si habari. Wewe umekulia mikononi mwangu, unaijua boila yangu Bibi inayotuchemshia mvuke, unajua ana kelele zake. Bomba likilala usiku kucha linapoa, na mvuke wa jana unageuka maji yanayojikusanya chini yake. Asubuhi mvuke mpya ukija kwa mbio unayasukuma yale maji, nayo yanakwenda kujibamiza kwenye kona. Ndiyo kelele yenyewe. Dawa yake ni moja tangu nilipofundishwa kazi hii: unafungua kwanza vali ndogo ya chini, maji yatoke yote, kisha vali kubwa unaifungua taratibu, kama mlango wa chumba alicholala mtoto mchanga. Ukifanya hivyo hutasikia hata kikohozi.

Siku hizi tunaanza kazi mapema zaidi. Tumeletewa msimamizi mpya. Wenzangu wamempa jina la Bwana Haraka, na baraka zake bado hatujaziona.

Wewe usianze woga wako. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukikimbilia uvunguni mfuniko wa birika ukianza kutetemeka, na ilinibidi nikunyweshe maziwa ya baridi mpaka ulipoanza shule. Leo nasikia umepewa kutazama kitu kinachochemka kuliko mabirika yote, na wakakuamini. Hebu niambie, hiyo nyota yako nayo inagonga? Maana ikigonga, na wewe husikii, basi wewe unaona usichosikia na mimi nasikia nisichokiona. Tungefungua kiwanda pamoja.

Vaa soksi mbili.

Shangazi yako


Mlimani, 22 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Soksi ni tatu, si mbili. Mpe mshona viatu pole au hongera, utakayoona inafaa. Mawingu yametufunga juma zima, na Mzee wa Kioo akikosa anga anakuwa kama mtu aliyefiwa, anasugua vikombe ambavyo ni safi. Mimi nimepata nafasi ya kulala usiku kama binadamu na nimegundua sijui tena namna ya kulala usiku.

Ndiyo, nyota yangu inagonga, na namna inavyogonga ni karibu na ya bomba lako. Gesi ya juu ya nyota ikisharushwa huchoka, inaanza kuanguka kwa uzito wake yenyewe. Wakati huohuo kutoka chini kuna msukumo mwingine unapanda. Vinakutana njiani, mmoja anashuka na mwingine anapanda, na hakuna wa kumpisha mwenzake. Hapo linazaliwa wimbi la mshtuko. Linakwenda kwa kasi kuliko sauti, kasi ya kutoka kwenu hadi huku mlimani kabla hujamaliza kupiga chafya moja. Gesi inabanwa ghafla, inapata moto ghafla, na hidrojeni inawaka. Ule mstari wangu mwekundu ndio huo, ni alama ya pigo. Kabla ya pigo nyota inakuwa imefifia na kutulia, mtu asiyeijua angesema imelala.

Nilisoma barua yako mara nyingi nikaona kwamba, hata ukicheka, hiyo kelele inakukera. Basi nikupe neno la kukutuliza. Nyota hii inapigwa hivyo karibu mara mbili kila siku, tangu kabla hakujawa na mtu wa kuitazama, na haijapasuka. Inapigwa, inavimba, inatulia, inapigwa tena. Kishindo si kuvunjika. Ukisikia bomba linagonga asubuhi, ikumbuke nyota ya Popo.

Lakini kuna kitu hukunijibu, labda kwa sababu sikuuliza. Hiyo vali ndogo ya chini, bado unaifungua kwanza kila asubuhi?

Mwanao,
Popo


Nyumbani, 15 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mpaka imeanza kukatika kwenye mikunjo. Nisamehe mwandiko, mkono wa kulia niliumwagia uji wa moto nikaufunga kitambaa, basi herufi zinatembea kama walevi. Mvua imeanza. Paa linavuja palepale pa zamani, juu ya kabati, na ndoo imerudi kazini. Mdogo wako anakusalimia, anasema umtumie picha ya nyota. Nimemwambia nyota ya huko ni mistari, akasema basi umtumie mistari.

Nina habari itakayokufurahisha. Akina mama wa pasi walikuwa wameanza maneno. Wawili walisogeza meza zao mpaka ukutani, wengine wakasema hawataingia asubuhi mpaka bomba liache kugonga. Bwana Haraka akaja kwangu, safari hii kwa upole, akaniambia, "Mama, wewe wanakusikiliza. Zungumza nao." Nikaenda wakati wa chai nikawasomea barua yako. Nikawaambia mpwa wangu anatazama kitu kinachopigwa kila siku kwa nguvu ambayo hili bomba halitaifikia hata likiota mbawa, na kipo. Nikawaambia, "Kishindo si kuvunjika." Ungeona walivyotulia. Meza zimerudi mahali pake. Sasa bomba likigonga, mmoja anasema, "Hiyo nyota ya Popo," wanacheka, wanaendelea na pasi. Meza ya mdogo wako iko palepale chini ya kona, anasema pana joto zuri asubuhi. Bwana Haraka amenisifu mbele ya watu, jambo ambalo hajawahi kumfanyia yeyote, hata mwenye kiwanda.

Bibi anajitahidi. Kishikizo kimoja kinacholibeba bomba kule kwenye pasi kimelegea, wamekifunga kwa waya kwa muda. Nimebakiza muda mfupi nipumzike kazi, mwanangu, na sitaki kuondoka kwa ugomvi. Kuna kijana amekwisha kuletwa kunitazama ninavyofanya, na ninajua maana ya mtu kuletwa kukutazama.

Usiku wako uwe mweupe, au mweusi, sijui ninyi mnaombeana nini.

Shangazi yako


Mlimani, 3 Mei

Shangazi,

Shikamoo, na nisamehe nikiruka salamu za nyumba nzima. Nimeipata barua yako leo mchana, nimeisoma nimesimama, na mpaka sasa sijakaa.

Niliyokuandikia mwezi wa tatu si kweli kwa bomba. Ni kweli kwa nyota tu. Niliandika nikitaka ulale, sikujua utakwenda kuwalaza na wengine. Tafadhali rudi kwa akina mama wa pasi uwaambie Popo alikosea. Nyota haina ukuta. Gesi yake ikipigwa ina pa kwenda, inavimba juu, hakuna kinachoizuia ila uzito wake wenyewe. Kwa hiyo haipasuki, hakuna cha kupasuka. Maji yako yamo ndani ya chuma. Yakipigwa hayana pa kwenda ila kwenye kona, na kona hiyo sasa imeshikwa kwa waya, na chini ya kona kuna meza ya mdogo wangu.

Vilevile hukunijibu swali langu. Nilikuuliza kama unafungua vali ndogo kwanza, wewe ukaniandikia habari za meza. Nakujua. Ungekuwa unaifungua ungenitukana kwa kukuuliza. Na mkono haukuungua kwa uji, Shangazi. Wewe hunywi uji, unasema ni chakula cha wagonjwa.

Nilikwenda kwa Mzee wa Kioo kuomba simu ya ofisi. Nilipiga kiwandani, akapokea Bwana Haraka mwenyewe. Sauti yake ni ya mtu mwema. Nikamweleza polepole: maji yatolewe kwanza, vali kubwa ifunguliwe taratibu, watu wasikae chini ya ile kona mpaka kishikizo kitengenezwe. Akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akacheka kidogo akasema, "Kumbe ndiye wewe wa nyota? Umetusaidia sana, kijana." Akakata.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndivyo ulivyonifundisha. Mimi naogopa huo ukuta hatutaujenga. Tafadhali.

12 Mei. Barua hii bado iko hapa mezani. Daraja la chini limechukuliwa na maji, lori halipandi, na mvua imekata simu. Nilijaribu kushuka kwa miguu nikafika mtoni. Maji yalikuwa yanabeba magogo mazima. Nilikaa kwenye jiwe nikalia, halafu nikarudi. Anga juu yetu imefunga, nyota siioni. Nimeshindwa kula. Kila asubuhi, saa mnayowasha, naamka na kukaa kitandani nikisikiliza, kana kwamba ningeweza kusikia.

Popo


Nyumbani, 10 Mei

Popo wangu,

Marahaba kwa shikamoo ambayo haijafika. Mbona kimya? Najua ni mvua, redio imesema barabara ya kwenu imeharibika, lakini mdogo wako ameanza kuniuliza kila siku kama una hasira nasi. Mkono umepona. Mshona viatu amenunua redio kubwa ili apate kusikia sauti nyingine nyumbani mwake.

Nakuandikia kwa furaha. Bomba limenyamaza. Tangu Jumatatu halijagonga hata mara moja, asubuhi wala mchana. Nilidhani masikio yangu yamezeeka, nikamwuliza kijana anayenitazama, naye hasikii kitu. Bwana Haraka anatembea kifua mbele, anasema tatizo limejitatua lenyewe. Akina mama wa pasi wanasema nyota ya Popo imelala. Kile kishikizo waya wake umekatika, bomba limeinama kidogo katikati kama mgongo wa punda, lakini halina kelele, nasi tulilokuwa tukiliogopa ni kelele.

Nitakuambia jambo moja kwa sababu uko mbali na huwezi kunitazama usoni. Vali ndogo haifunguki. Imeshika kutu, na mkono uliungua nikiilazimisha. Nilisema, nikaambiwa itabadilishwa, nikasema tena, nikaambiwa kuna vijana wanaoweza kuwasha boila bila kusemasema. Basi nikanyamaza na mimi. Sasa kwa kuwa limetulia, nafikiri nilikuwa najisumbua.

Ila silipendi hilo tumbo lake. Naliangalia nikipita chini yake, na napita haraka.

Andika.

Shangazi yako


Mlimani, 24 Mei

Shangazi,

Dereva amefika leo, wamelaza magogo mtoni, na ameniletea barua yako ya tarehe kumi. Anashuka sasa hivi. Nimemwomba asiiache hii posta. Atakuja nayo, pamoja na ile ya zamani, mpaka getini kwenu akupe mkononi.

Bomba halijapona. Limejaa. Maji yamekaa kwenye lile tumbo, yamekuwa mengi, hayarushwi tena huku na huku, ndiyo maana hakuna kelele. Siku mvuke utakapoyang'oa yataondoka yote pamoja. Nilikuambia nyota inatulia kabla ya pigo. Na wewe uliniambia, kabla sijajua kusoma: kimya kingi kina mshindo mkuu.

Ukisoma hii, usimalize. Toa watu.

Popo


Nyumbani, 9 Juni

Mwanangu Popo,

Marahaba. Sote wazima. Naanza na hilo kwa sababu najua utarukia huko. Mdogo wako mzima, akina mama wote wazima, kijana mzima, hata Bwana Haraka, aliyechanika sikio na kupoteza kiatu.

Dereva wako alifika asubuhi, mvuke umekwisha kupanda. Aligoma kumpa mlinzi barua, akasema ameagizwa mkono kwa mkono, wakabishana mpaka nikaitwa. Nikasoma yale maneno ya mwisho kwanza, kwa sababu yalikuwa machache. Sikumaliza. Nilikimbia, mimi na mguu huu, nikaingia kwenye pasi nikachukua ndoo ya bati nikaipiga kwa chuma. Nikawaambia tokeni. Wakacheka, wakasema, "Mama, nyota imelala." Nikamshika mdogo wako nywele, mbele za watu, nikamburuta mpaka uani. Alilia kwa aibu. Wengine walipoona nimefanya hivyo kwa mtoto wangu mwenyewe, wakatoka.

Bwana Haraka akanifuata akipiga kelele hadi chumba cha boila. Nilishika gurudumu la vali kubwa nikaanza kulifunga taratibu, kwa sababu kulifunga haraka nako ni hatari. Niliogopa, Popo. Nimekaa na Bibi miaka yote hiyo nikimwita kwa jina, na siku hiyo nilimwogopa kama mnyama. Nilikuwa sijamaliza kulifunga.

Kona iling'oka. Ukuta ulio kati yetu na pasi umelala. Kipande cha bomba kiliangukia meza ya mdogo wako, kikaikata pawili, na pasi yake ilikutwa barabarani. Meza yenyewe ilikuwa na blanketi moja limekunjwa nusu. Kishindo chenyewe sitakueleza.

Kiwanda kimefungwa, wakubwa wanakuja na kuondoka na karatasi zao. Mimi nakaa dirishani nashona. Nina mafua kidogo ya masikio, yatakwisha. Mdogo wako anakusalimia, nimemkataza asikuandikie mambo mengi, ana mdomo. Ukitaka kupiga simu kuna ile ya dukani, lakini afadhali uandike. Barua zako ni nzuri. Andika ndefu.

Usijilaumu kwa lile neno lako. Nililipenda kwa sababu nilikuwa nalitafuta.

Shangazi yako


Mlimani, 28 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Nimefurahi kwamba mu wazima, na nimelishukuru hata lile jiwe la mtoni. Mzee wa Kioo nilipomsimulia alisimama, akavua kofia, akaenda kusugua vikombe. Anga imefunguka, nyota iko pale pale. Juzi mstari wangu uliwaka na nilifumba macho. Nimemwambia siuwezi tena kwa sasa, akasema atanishikia zamu.

Uliniambia afadhali niandike, lakini hamu ilinizidi, na Jumapili simu ilikuwa imerudi. Nikapiga dukani. Mwenye duka akaenda kukuita. Nikasikia kiti, nikasikia pumzi yako, nikakuamkia, nawe ukaitika marahaba, mwanangu, kwa sauti kubwa kuliko unavyosema siku zote. Nikakuuliza mguu. Ukasema, "Ndiyo, baba, tumekula." Nikadhani laini ni mbaya. Nikakuuliza masikio yanaendeleaje. Ukasema, "Sawa, sawa, na wewe pia, vaa soksi." Nikakuita kwa nguvu, Shangazi, mpaka Mzee wa Kioo akachungulia mlangoni.

Basi nikanyamaza. Nilishika simu nisiseme neno lolote. Nawe ukaendelea. Ukasema, "Ee. Ndiyo. Ndiyo, mwanangu." Ukacheka mahali ambapo ulidhani nimetania. Ukasema, "Nakusikia vizuri, baba, nakusikia vizuri kabisa." Kisha ukaniaga, ukampa mwenye duka simu, naye akaikata.

Hukutaka nijue. Najua sasa, na nimeogopa kuliko siku ile ya mtoni, maana mtoni nilikuwa bado na la kufanya. Naogopa hicho kimya ulichokaa nacho dirishani. Naogopa kwamba sauti ya mwisho uliyosikia ni ile.

Nimeomba ruhusa. Nashuka Alhamisi na lori la maji, nitakuwa kwenu jioni. Kalamu na karatasi ninazo nyingi, tutaongea utakavyo, na utanitukana kwa maandishi. Mwambie mdogo wangu asiende kunipokea.

Nikifika sitabisha hodi. Nitapita kwanza upande wa dirisha unapokaa kushona, nisimame kwa mbali, nikupungie mkono mpaka uinue macho, ili usishtuke.

Mwanao,
Popo